Nyapara Aliyehesabu Mistari

Mpaka leo nikisikia mtu anasifiwa kwa sababu mashine imeandika kwamba amefanya kazi, damu inanichemka. Daktari ameshaniambia niache, presha yangu si ya kuchezea. Lakini daktari huyo hajawahi kufanya kazi Mingoyo.

Nilikuwa mwandishi wa programu za kompyuta. Siku hizi ukisema hivyo hakuna anayegeuza shingo, ila wakati ule majirani zangu walidhani napiga chapa barua za watu. Ilikuwa miaka ya soko huria, daraja la Rufiji bado halijaisha, na vyama vya ushirika vya Kusini vimebaki majengo na madeni. Ghala moja la chama, pale njia panda Mingoyo, lilikuwa limechukuliwa na kampuni iliyopewa kazi ya kugawa salfa. Salfa ni ule unga wa njano wanaopulizia mikorosho ili maua yasipate ubwiriunga. Mkorosho usiopata salfa kwa wakati wake hutoa maua vizuri tu, kisha yanafunikwa na ukungu mweupe, yanakauka yanakuwa meusi, na mwaka huo mwenye shamba hana kitu. Hakuna kinachoweza kuyarudisha maua yale.

Kampuni ilitaka kompyuta itunze orodha ya wakulima wote wa upande ule: jina, kijiji, idadi ya mikorosho, na mifuko ya salfa anayostahili kupewa. Tuliajiriwa wawili kuiandika programu hiyo. Mmoja mimi, mwanamke wa Kilwa Kivinje, niliyesomea kompyuta Dar es Salaam na kurudi Kusini kwa ubishi wangu mwenyewe. Mwingine kijana wa Dar, mara yake ya kwanza kuvuka Rufiji, aliyelalamikia maji, mbu, barabara na hata ladha ya chai. Walitupa chumba kimoja ubavuni mwa ghala, na kompyuta mbili ambazo nilizifunika kwa kanga zangu kila tulipotoka, maana vumbi la salfa lilikuwa linaingia hadi kwenye pua za paka.

Umeme ulikuwa wa jenereta. Liliwashwa saa nne asubuhi, likazimwa saa saba, likawashwa tena saa tisa hadi saa kumi na moja jioni. Kwa hiyo tuliandika programu kwa penseli, kwenye madaftari ya shule, tumekaa nje kwenye kivuli cha ghala. Tulichora, tukafuta, tukabishana, na jenereta likinguruma tunaingia ndani kunakili yale tuliyokwisha kuyafikiri. Sijawahi kuandika programu safi kama zile. Ukijua una saa tano tu za umeme kwa siku, huchezi na maneno.

Meneja wetu alikaa Dar. Alikuja mara moja kwa mwezi, kwa ndege ya Lindi, na katika safari moja alikuja na disketi kwenye mfuko wa shati. Akatuita, akaiingiza kwenye kompyuta yangu, kisha ya mwenzangu, akasimama nyuma yetu akitabasamu kama bwana harusi. Ndani ya disketi ile mlikuwa na kitu ambacho kila siku saa kumi na moja kasoro robo, bila kuguswa na mtu, kilihesabu mistari yote ya programu kwenye faili za kila mmoja wetu, kikalinganisha na hesabu ya jana, na kuandika: fulani, tarehe fulani, maendeleo ya siku, mistari mingapi. Kisha kikaipeleka taarifa Dar kwa waya wa simu.

"Sasa hamtahangaika kuandika ripoti," akatuambia. "Mashine itaandika kazi yenu yenyewe."

Tukaipa jina la Nyapara. Babu yangu mzaa mama alikata mkonge kwenye mashamba ya Lindi enzi za Mwingereza, akiwa na kipande chake, ile kadi ya kazi inayotiwa alama kila siku akimaliza sehemu yake ya kazi. Aliwachukia manyapara mpaka anakufa. Lakini nyapara wa babu alikuwa na miguu. Alikwenda shambani, akahesabu matita, akaona nani amekata majani mabovu na nani mazuri. Wa kwetu alihesabu tu. Ukiandika mstari wa maana, mmoja. Ukiandika mstari wa upuuzi, mmoja vilevile.

Wiki ya kwanza Nyapara alisema nimefanya kazi kidogo kuliko mwenzangu. Wiki ya pili alisema hivyohivyo, na mwenzangu akapigiwa simu ya pongezi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kijana yule, ambaye alikuwa na kichwa kizuri sana, akaanza kuandika jambo moja mara kumi. Pale ambapo mistari minne ingetosha, akaweka arobaini. Nilipomfokea akacheka.

"Sista, unajipa taabu ya bure," alisema. "Mpe mnoko anachotaka, maisha yaende."

Sikumpa. Nilikuwa na kiburi, na kiburi changu nilikiona ndiyo heshima ya kazi.

Mwezi wa tano tulibandika orodha za majaribio kwenye ofisi za vijiji, ili watu wayaone majina yao kabla ya mgawo. Siku ya tatu akaja bibi mmoja wa Nyangamara. Mlinzi alitaka kumrudisha getini, akampita kama anapita mti. Alikuwa mfupi, mweusi wa kung'aa, kajitanda kanga hadi kwenye nyusi. Akaingia hadi mezani kwangu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye unayeandika watu?"

"Ndiye mimi, bibi."

"Basi umetuua watatu, ukabakiza mmoja."

Nikampa kiti. Akanieleza polepole, kwa subira ya mtu anayeona anaongea na mjinga. Pale kijijini wako wanawake wanne wenye majina matatu yaleyale: lao, la baba na la babu. Wote wanne wana mikorosho, na wote waliandikishwa. Kwenye orodha iliyobandikwa limetokea jina moja tu, na idadi ya mikorosho si yake. Ni ya somo yake mmoja, mwenye jina kama lake. Kwa hiyo yeye na wengine wawili hawana salfa.

Nilijua tatizo kabla hajamaliza. Ndani ya programu kulikuwa na sehemu ya kuondoa marudio: ikikuta watu wawili wa kijiji kimoja wenye majina matatu yanayofanana, inahesabu ni mtu mmoja aliyeandikwa mara mbili, inabakiza wa kwanza na kumfuta wa pili. Mistari mia tatu na arobaini. Niliiandika mimi, na niliionea fahari kuliko yote niliyoandika. Kwetu Kivinje mtu ukitaja jina lake, la babake na la babu yake, umemmaliza. Haikunijia hata siku moja kwamba kuna mahali majina matatu hayatoshi.

"Sasa ninyi mnatofautishana vipi?" nikamuuliza.

"Kwani sie tumechanganyika?" Akanitazama toka kichwani hadi miguuni. "Mie mjomba wangu ndiye wa bonde la mtoni. Yule mwingine mjomba wake wa kilimani. Huku kwetu ntu ni wa mjomba wake, mwanangu. Baba ni mgeni aliyekuja kuoa."

Kesho yake nilipanda lori la chumvi lililokuwa linakwenda bara, nikashukia njiani, nikatembea hadi Nyangamara na daftari langu kwapani. Nilikaa siku mbili kwa yule bibi. Watu walikuja kwenye baraza lake mmoja mmoja, nami nikaandika: jina, mjomba wake nani, shamba liko bonde gani. Katika kijiji kile kimoja tu programu yangu ilikuwa imewameza watu sitini na mmoja. Walikuwepo baba na mwana, walikuwepo wake wenza wawili, na alikuwepo hata mwalimu wa madrasa. Walinitania mpaka nikatamani ardhi ipasuke. Mzee mmoja akanisalimu kwa kuniuliza kama leo amefufuka au bado. Bibi alinichemshia mihogo, akanipa na chai ya rangi, na nilipomwapia kwamba nitairekebisha, akanikata kauli.

"Usiape. Fanya."

Nikafanya. Siku ya tatu nilirudi Mingoyo, nikangoja jenereta, nikafuta mistari yote mia tatu na arobaini. Mahali pake nikaweka kumi na mmoja: sehemu ya kuandika mjomba, na amri ya kutomfuta mtu yeyote bila kumuuliza karani kwanza. Nikaijaribu kwa daftari langu la Nyangamara. Watu wote sitini na mmoja wakatokea. Nilikaa pale nikacheka peke yangu kwa furaha, na nasema kweli, sikumbuki siku nyingine katika kazi ile niliyojiona nafaa kitu.

Saa kumi na moja kasoro robo Nyapara akaamka. Akaandika kwamba juzi maendeleo yangu yalikuwa sifuri, jana sifuri, na leo hasi mia tatu ishirini na tisa.

Simu ya meneja ililia asubuhi, jenereta hata halijawashwa.

"Umepoteza kazi ya wiki mbili," alisema.

"Sijapoteza, bosi. Nimefuta kosa."

"Kosa gani linafutwa kwa mistari mia tatu?"

"Kosa lenyewe lilikuwa la mistari mia tatu na arobaini."

Nikamweleza habari ya majina na wajomba. Nilisikia anavyopekua makaratasi. Akaniuliza kwa nini kwa siku mbili mfululizo sikufanya kazi yoyote. Nikasema nilikuwa Nyangamara nawatafuta watu. Akasema mimi si bwana shamba. Nikamwambia mtu akipalilia shamba magugu yanapungua, je, naye tumwambie ameharibu? Akaniambia mkataba wangu unakwisha mwezi wa tisa na niangalie ulimi wangu. Asiyejua maana haambiwi maana, na mimi badala ya kuyakumbuka hayo mapema nilipoteza nusu saa ya simu nikimpigia kelele.

Sasa nije kwenye ujinga wangu, maana hasira zangu si zote za kuwapa wengine. Mtu mwenye akili angebaki ofisini kuilinda kazi ile. Mimi nilikuwa nimemwahidi bibi kwamba orodha mpya itasomwa mbele ya watu, kila mmoja aitike, ndipo ipelekwe. Nikachapa orodha, nikamwambia mwenzangu asiguse faili zangu, nikaondoka tena kwenda Nyangamara.

Tuliisoma nje ya ofisi ya kijiji, kuanzia saa nane. Nilitaja jina, nikataja mjomba, mtu akaitika, na wengine wakamzomea kwa utani kwamba kumbe naye yu hai. Wale wanawake wanne wa jina moja waliitika wote wanne. Bibi alipoitika yeye alisimama, akazunguka mara moja ili watu wote wamwone, akakaa. Nililala kwake, nikiwa na amani kabisa.

Asubuhi nilipofika Mingoyo nikamkuta mwenzangu amekaa nje na kikombe cha chai, hanitazami.

"Bosi alipiga simu jana mchana," alisema. "Kasema nirudishe faili lako la wiki iliyopita, lile la akiba kwenye disketi. Kasema umeharibu kazi. Nikachapa orodha, lori likaichukua."

"Ukafanya?"

"Ningefanyaje, sista? Mke wangu ana mimba ya miezi minane."

Nilikichukua kikombe chake nikakibamiza ukutani. Chai ikamrukia mlinzi aliyekuwa akipita, maskini, naye akaomba radhi yeye. Nilitaka kumtandika kijana yule kofi, na nadhani angelipokea, kwa jinsi alivyoinamisha kichwa. Sikumpiga. Nilikwenda kwenye simu.

Meneja aliniambia orodha imefungwa. Mifuko imeshapangwa kwa kila kijiji, na watakaokosa wataingizwa msimu ujao. Nikamwambia ua la mkorosho halingoji msimu ujao. Akasema nimwandikie barua. Nilimwandikia barua tatu, na ya tatu nikaambatanisha majina yote sitini na mmoja na wajomba wao, nikaikabidhi kwa kondakta wa basi mkononi. Haikujibiwa hata moja. Nikamwendea mtunza ghala, nikamwomba, nikamlilia. Akanionyesha orodha iliyochapwa, akasema yeye anatoa kwa karatasi, karatasi haina watu hao. Mifuko ilikuwa nyuma yake imepangwa hadi kwenye bati, na mingine ilibaki pale pale msimu ukaisha.

Niseme na lililobaki, nikiwa na ujasiri. Baada ya hapo nilichoka. Nikaanza kumlisha Nyapara. Mistari minne nikaiandika arobaini, kama mwenzangu, na baadaye nikamshinda. Nilijiambia nangoja mkataba mpya upite, kisha nitapata nguvu ya kupigania programu ile kwa ajili ya msimu unaofuata. Hasi yangu ikasahaulika. Meneja akaanza kunisalimu kwa jina.

Mwezi wa tisa, mwanzoni, bibi wa Nyangamara alikuja tena. Safari hii mlinzi alimfungulia geti mwenyewe. Akakaa kwenye kiti kilekile cha mezani kwangu, akafungua pindo la kanga, akatoa kitawi cha mkorosho akakiweka juu ya daftari langu. Maua yalikuwa meusi, na yalipukutika yalipogusa karatasi.

"Nimekuletea uone," alisema, "maana ninyi hapa hamsadiki mpaka muwe na kitu mezani."

Nikamwomba radhi. Nilimwomba kwa maneno yote niliyokuwa nayo, akaniacha nimalize. Kisha akanieleza kwamba yule somo yake aliyebaki kwenye orodha alipopata mifuko yake alimwita yeye na wale wawili, wakagawana sawasawa, wanne. Haikutosha shamba lolote. Wote wanne wameunguliwa.

Ndipo mlinzi akaingia na bahasha iliyofika kwa basi la Dar. Nikaifungua mbele yake, kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu. Karatasi mbili zenye nembo ya kampuni, zinafanana, moja ya kubaki nayo na moja ya kurudisha.

"Wanasemaje?" akauliza. "Soma kwa sauti, mie sijui kusoma. Pengine wametukumbuka."

Nikasoma. Barua ilinipongeza. Ilisema kwamba kwa kumbukumbu zilizoandikwa na mashine katika miezi sita, siku moja ya kazi yangu ilikuwa bora kuliko siku ya mfanyakazi yeyote wa tawi letu: mistari mia tatu ishirini na tisa kwa siku moja. Ikataja tarehe. Kwa sababu hiyo nimeongezewa mkataba wa mwaka mzima. Chini palikuwa na maneno ya kutia sahihi, kwamba nakubali kumbukumbu hizi ni za kweli na ndiyo kazi yangu niliyoifanya.

Nilielewa kabla sijafika mwisho, lakini niliendelea kusoma kwa kuwa sauti ilikuwa imeshatoka. Ile mistari iliyorudishwa kutoka kwenye disketi ya akiba, ile iliyowafuta watu, Nyapara aliiona imeongezeka kwenye faili zangu, akaiandika kwa jina langu.

Bibi alirudia ile tarehe, akahesabu kwa vidole, kwa Ijumaa na miezi ya mfungo.

"Siku hiyo ulikuwa kwangu," alisema.

"Ndiyo, bibi."

"Ulisoma majina, ukala, ukalala."

"Ndiyo."

"Na huyo anayeandika kazi kakuona uko hapa, unafanya kazi kuliko watu wote."

"Ndiyo, bibi."

Bibi hakuwa na hasira, na hilo ndilo siwezi kulimeza hadi leo. Hasira zote zilikuwa kwangu na hazikumsaidia kitu.

"Basi mwandikie umwambie si wewe," alisema. "Karatasi si hiyo unayo?"

Kalamu nilikuwa nayo mkononi. Nafasi ya kuandika ilikuwepo, nusu ya ukurasa nzima chini ya maneno yao. Mlinzi amesimama mlangoni anangoja, maana basi la kurudi Dar linapakia na dereva kaambiwa asiondoke bila nakala ile. Bibi alikuwa amenyoosha shingo aone nitakavyoandika.

Nikatia sahihi.